Mkono wa Kushoto

Mama yangu bado anawaambia watu kwamba niko hospitali. Akiulizwa, "Yule binti yako mkubwa siku hizi yuko wapi?" anajibu haraka haraka, "Yupo kazini, anapiga watu picha za tumbo," kisha anageuza mazungumzo. Huu mwaka wa pili anasema hivyo. Simlaumu. Ulitaka aseme nini? Kwamba mwanawe anacheza karata?

Basi nasema mwenyewe, sina wa kumwogopa. Nacheza poka. Ndiyo inayonilisha na kunivisha. Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na mmoja katika chumba namba sita cha hospitali, chumba kisicho na dirisha, nikiwapiga kina mama altrasaundi.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja: fundi anapiga picha, daktari ndiye anayetoa habari. Mkuu wa kitengo aliyenifundisha alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza kila nilipokunja uso. "Mgonjwa haangalii mashine," alikuwa akisema. "Anakuangalia wewe. Ukishtuka tu, umeshamwambia." Nikajifunza. Nikawa na macho makavu mpaka wenzangu wakanibandika jina la Jiwe.

Ila mkono wa kushoto ulikuwa mkaidi. Nikiona jambo baya kwenye kioo, mkono huo ulikwenda wenyewe kwenye karatasi za kujifutia jeli, ukachana kipande na kumpa mgonjwa kabla kazi haijaisha. Sikuutuma. Siku moja nikamsimulia mdogo wangu kama kichekesho tu, tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Ningejua, ningeumeza ulimi wangu siku ile.

Kwetu tumezaliwa wawili, mimi na yeye. Tangu anaanza kusema, mimi kwake ni Dada, hakuna jina jingine. Dada nifunge vifungo, Dada nisindikize, Dada niazime viatu. Alipopata mimba ya kwanza, baada ya kuisubiri miaka saba, aligoma kupimwa na fundi mwingine. "Tumbo langu atalishika Dada," akasema, na hata mumewe akasalimu amri.

Alikuja mimba ikiwa na miezi saba, anahema, anajipepea na kadi ya kliniki, ananitania kwamba jeli yangu ni baridi kama roho yangu. Nikaanza kazi. Moyo wa mtoto haukuwa unapiga. Nilisogeza kichwa cha mashine kulia, nikasogeza kushoto, nikabonyeza kidogo. Hamna. Nikainua macho nimtazame, nikakuta yeye haangalii uso wangu. Anaangalia mkono wangu wa kushoto.

Alikuwa anakikumbuka kile kichekesho. Nikaubandika mkono juu ya vibonye kana kwamba nimeupaka gundi.

"Dada, yuko sawa?"

"Kamelala tu," nikasema. "Kavivu kama mama yake. Haya, jifute, nenda kwa daktari akupe majibu."

Akacheka. Palepale kitandani, tumbo lingali na jeli, akampigia mumewe simu: "Mtoto wako mvivu kama mimi!" Akatoka anacheka. Ofisi ya daktari ilikuwa mlango wa tatu, upande uleule. Nikasikia mlango ukifungwa, nikasubiri, kisha nikamsikia. Nilichokisikia sitaki kukieleza, msiniulize.

Hospitali hakuna aliyenilaumu. Sheria niliifuata. Mkuu wa kitengo alinishika bega akaniambia, "Ulijikaza vizuri." Ulijikaza vizuri! Nilitamani kumrarua.

Kuanzia siku hiyo mdogo wangu hakuniita Dada tena. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tukikutana kwa mama ananisalimu, ananipa chumvi nikiiomba, lakini ananiita kwa jina langu lile la kwenye vyeti, kama karani anavyoita watu kwenye foleni. Mimi duniani nilikuwa nataka kitu kimoja tu, aniite Dada. Nilimwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Umeomba radhi na uso huohuo." Nikaacha kuomba.

Nilijaribu kuendelea na kazi. Nikashindwa. Kila tumbo lililolala kwenye kile kitanda lilikuwa tumbo lake. Baada ya miezi minne nikamwaga unga kwa mikono yangu mwenyewe, nikarudisha ufunguo wa chumba namba sita, mama akashika kichwa. "Unaacha kazi ya serikali uende wapi?" Nilipomwambia niendako, akaenda kulala saa tisa mchana.

Aliyenitia kwenye mchezo ni mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, ambaye niliwahi kumpima vijiwe vya figo. Wakati napitisha mashine ubavuni kwake alinikazia macho weee, mwisho akasema, "Binti, uso huo unapotea bure humu ndani." Nilidhani ananitongoza. Kumbe alikuwa na meza ya poka kila Jumamosi mchana, na alikuwa anatafuta mtu wa kumfundisha.

Poka ni mchezo wa kupiga mkwara. Una karata zako mkononi, hakuna anayeziona, na kazi yako ni kuwafanya wenzako waamini usichonacho. Nilikaa mezani nikajiona nimefika kwetu. Pale mezani ukimdanganya mtu kisawasawa, anasimama anakupa mkono. Haendi kulia mlango wa tatu.

Lakini Mwalimu ana jicho. Wiki ya pili tu akaniambia, "Ukipata karata mbovu, mkono wako wa kushoto unapapasa meza. Unatafuta nini?"

Nilijua unatafuta nini. Nikajitia hamnazo.

Tuliufundisha adabu mwaka mzima. Niliukalia, niliufunga kwa kitambaa, niliushikisha kikombe cha chai ya moto. Mwisho ukatulia. Akanifundisha pia tabasamu, moja tu, linalotoka vilevile nikiwa na ree mbili au nikiwa na takataka. Nikaanza kushinda. Video yangu moja ikazunguka kwenye simu za watu, ile niliyompiga mkwara bwana mmoja mwenye kofia mpaka akatupa karata nzuri kuliko zangu. Watu wakaandika, "Huyu mama hana damu." Mwalimu alifurahi kama mtoto.

Halafu Jumapili moja ukaja ujumbe wa mdogo wangu. "Nina mimba tena. Jumanne saa nne napimwa. Shemeji yako amesafiri. Njoo."

Nilisoma mara kumi. Kumbe mama alikuwa anajua, alikatazwa kunieleza. Haya, hayo nikayameza. Na Jumanne hiyohiyo, saa tano, nilikuwa na meza ya mwisho ya mashindano makubwa kuliko yote niliyowahi kufika.

"Una wazimu?" Mwalimu akaniuliza. "Watu wangeuza figo wakae pale. Ukichelewa, vile visahani vyako vya kuwekea dau vinaliwa kidogokidogo, hata kama kiti ni kitupu."

"Na viliwe."

Kliniki ilikuwa nyingine, chumba kina dirisha na pazia la maua. Fundi alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kabla hatujaingia, mdogo wangu alinivuta pembeni. Alikuwa amekonda usoni. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

"Nimekuita kwa sababu moja," akasema. "Huyu fundi simjui. Wewe nakujua. Nitakutazama wewe. Ukiona kibaya, nipe karatasi. Ukiona kizuri, cheka. Usinifiche."

"Sikufichi."

"Apa."

"Naapa."

"Ukinifanyia kama yale, hata kukuzika siji."

Akalala. Fundi akapaka jeli, akapitisha mashine, uso wake mkavu kama ulivyokuwa wangu. Mimi nikasimama upande wa pili ninapoiona skrini. Na nikaona. Jamani, niliona! Moyo mdogo, unafumba na kufumbua, haraka haraka, hodari, hauna habari na mtu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani mwangu, nasema kweli. Nikauambia uso wangu, cheka.

Ukaleta lile tabasamu la mezani.

Nililisikia likija, nikajaribu kulizuia, nikajaribu jingine. Hakuna jingine. Mdogo wangu alinitazama, na macho yake yakaanza kujaa maji.

"Mzima," nikasema. "Ni mzima, mdogo wangu."

"Usinifanyie hivyo."

"Haki ya Mungu, ni mzima! Moyo unapiga!"

"Tabasamu hilo nalijua," akasema. "Nimeliona kwenye simu ya mume wangu. Yule bwana alikuamini, na wewe hukuwa na kitu. Safari ile uliniambia amelala. Sasa unaniambia mzima."

"Niangalie mkono. Sijakupa karatasi, niangalie mkono!"

"Hata safari ile hukunipa."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akachana karatasi, akajifunika uso. Alilia kimyakimya, tumbo likitikisika chini ya mashine mpaka fundi akashindwa kufanya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na tabasamu langu, sijui nilipeleke wapi.

Fundi akanitazama. Alikuwa anaijua sheria, na nadhani alinijua kwamba naijua. Akavua miwani aliyokuwa ameshaivaa, akasema, "Ah, potelea mbali," akaigeuza skrini yote imwelekee mdogo wangu, kisha akabonyeza kibonye cha sauti. Chumba kikajaa mlio, mfululizo, kama cherehani.

"Sikiliza mwenyewe, mama. Huyo ndiye mtoto wako. Mzima kabisa."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Mdogo wangu akaondoa karatasi usoni. Akasikiliza mdomo wazi. Akaanza kucheka huku analia, makamasi yanamtoka, akamdaka fundi mkono ule wenye jeli, akaung'ang'ania kifuani.

"Asante, Dada," akamwambia. "Asante. Asante sana, Dada."

Nilingoja kidogo, labda atageuka. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nilifika kwenye mashindano saa tano na nusu. Visahani vyangu vilikuwa vimeshaanza kuliwa. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu kitupu, jasho linamtoka, na aliponiona akasahau hata kunigombeza.

"Vipi? Mtoto mzima?"

"Mzima," nikamjibu.

Akanikazia macho, akanichunguza uso, akautazama na mkono wangu wa kushoto. Kisha akaniuliza tena, taratibu, "Kweli?"