Mstari Uliopinda Kisimani Kwetu

Haya, niambieni: ni kitu gani kirefu kuliko safari ya ngamia ya siku kumi, hakina unene wala kivuli, mbuzi hukivuka huku anatafuna, lakini mwenye mbuzi akikivuka anaulizwa karatasi?

Msihangaike kutazama mchangani. Kimechorwa kwenye ramani, na jina lake ni mpaka. Huu wetu unashuka kutoka mlimani umenyooka, ukifika kisimani kwetu unapinda kama kiwiko, unazunguka kisima pamoja na mitende yetu kumi na tisa, halafu unanyooka tena kama vile hakuna kilichotokea. Baba yangu uzeeni alikuwa anakaa ndani ya kiwiko hicho, akichambua tende na kuwacheka madereva waliopotea njia. Mwalimu wa wajukuu zangu anasema mstari umepinda kwa sababu ya milima. Milima haikuulizwa kitu siku ile. Mimi nilikuwapo, nina miaka tisa, nimeshika dele la kahawa kwa mikono miwili.

Wakati huo tulikuwa na mtawala wa pwani na mtawala wa ndani, na kila mmoja alisema jangwa lake linaishia anapotaka yeye. Hakuna aliyejali sana mpaka habari za mafuta zilipoenea. Hapo kila jiwe likapata mwenyewe. Ndipo akaja Mzungu wa ramani na gari lake, akienda kisima kwa kisima, akiwauliza watu swali moja tu: zaka yenu mnampa nani? Mtakayemtaja, ardhi inaandikwa yake.

Kisima chetu kilikuwa upande huu wa bonde la mawe, na mitende yetu ng'ambo. Mstari ungeweza kupita katikati, sisi tukabaki na kimoja tukakosa kingine. Bila maji mbuzi wanakufa, na bila tende tunakufa sisi. Na baba, Ghanim, hakuwapo. Alikuwa Kuwait, akichimba mitaro ya mabomba.

Siku moja kabla ya Mzungu kufika, asubuhi, alikuja Musabbah, mtu wa mtawala wa ndani. Hakushuka kwenye ngamia wake. Aliuliza hali ya mbuzi, akauliza hali yangu, halafu kwa sauti ile ile ya salamu akamwambia mama kwamba akimtaja mtawala wa pwani, mitende yote itakatwa vichwa kabla tende hazijaiva. Mtende ukikatwa kichwa hauchipui tena. Mama alimwambia aende salama.

Adhuhuri akaja Dhahi, mtu wa pwani, anatabasamu, na kifurushi cha papa mkavu begani. Yeye alisema pasi ya baba ya kusafiria ina muhuri wa mtawala wa pwani. Tukijiita watu wa ndani, muhuri utafutwa, na Ghanim atabaki huko huko alikokwenda, mtu asiye na pa kurudi. Akaacha papa wake mlangoni. Mama hakumpika, na siku ile hatukula kitu.

Alinikalisha akanifunga nywele upya, ingawa zilikuwa zimefungwa. "Shamma," akaniambia, "kesho ukiulizwa, wewe ni mtoto, hujui." Vidole vyake vilikuwa baridi shingoni mwangu. Nami nilijua. Miaka mitatu ya ukame hakuna mtu wa mtawala yeyote aliyekuja kuchukua zaka. Kila mwaka mbuzi wa zaka tulimpeleka kwa Hessa, mjane kipofu, nami ndiye niliyemvuta mbuzi huyo kwa sikio njia nzima.

Kesho yake waliketi watatu kwenye mkeka wetu, chini ya kibanda cha makuti ya mtende. Mzungu katikati na daftari lake, Musabbah kulia, Dhahi kushoto, hao wawili kila mmoja na bunduki yake magotini. Mama alikuwa amevaa barakoa yake, kwa hiyo walichokiona ni macho tu. Nikamimina kahawa. Mzungu akanywa tatu, akatikisa finjani kwa adabu kuonyesha ametosheka, nikaipokea. Musabbah akaiweka yake chini, hajaigusa kwa mdomo. Dhahi akamtazama, naye akaiweka yake chini.

Kwetu mgeni akiweka finjani chini bila kunywa, ana haja. Mwenyeji humuuliza haja yake, akamkubalia, ndipo mgeni anywe. Ukimwacha mpaka kahawa ikapoa umejiaibisha wewe na ukoo wako. Sasa hapo finjani zilikuwa mbili, na haja ya mmoja ilikuwa inamuua mwenzake. Nilitazama mvuke wa iliki unapungua juu ya zile finjani.

Mzungu akauliza swali lake la zaka, akauliza tena. Mama akanyamaza. Basi akafunga daftari, akawatazama wale wawili, akazitazama zile finjani, akasema taratibu, kwa Kiarabu chake kilichokuwa kama anatafuna kokoto, "Mama Shamma, unamwogopa nani kati ya hawa?"

Mama aliinamisha macho kwenye zile finjani.

Dhahi akacheka. "Wanawake hawa ulimi wao unafanya kazi kwa majirani tu. Muulize mtoto. Mtoto hajajifunza uongo."

"Angalau kwa hili tumekubaliana," alisema Musabbah. Akageuza bunduki yake magotini, mtutu wake ukaja upande wangu. Labda alichoka tu kukaa vile. "Njoo, binti. Zaka ya mbuzi wenu nani anaichukua?"

Kitendawili kingine: nini kinajaa mdomoni, hukimezi wala hukitemi? Siku ile nilijua jibu lake: ni jina la mtu. Nikitaja pwani, nilikuwa naiona mitende bila vichwa. Nikitaja ndani, nilimwona baba amesimama jangwani na pasi isiyo na muhuri. Mkojo wa moto ukanitiririka miguuni mpaka kwenye mkeka, nao wakauona.

Mama akasimama. Akainama akaichukua finjani ya Musabbah, akaimwaga mchangani. Akaichukua ya Dhahi, akaimwaga vile vile. Sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo, wala sijaona tena. Musabbah akaishika bunduki. Mama akanivuta nyuma ya nguo yake, akamgeukia Mzungu.

"Umeniuliza namwogopa nani," alisema. "Wote wawili. Huyu amesema atakata mitende yangu, na huyu amesema mume wangu hatarudi. Zaka ya miaka mitatu ameila mjane kipofu, kwa sababu tulipokuwa na kiu hakuja hata mmoja wao. Fungua daftari lako uandike majina yao, na chini yake uandike walichosema, halafu uwasomee kwa sauti nami nisikie."

Mzungu akafungua daftari, akaandika, akawasomea; kisha kwenye ramani yake akaupinda mstari, ukazunguka kisima na mitende yetu pamoja.