Salamu za Mlangoni

Chumba chenyewe cha baridi kilikuwa kizuri, hilo hata Gatakaa hakulikana. Kuta nyeupe, nene kama godoro la maharusi. Feni za kunguruma kwa adabu. Mlango mzito ambao ukijifunga unatoa sauti ya mtu aliyeshiba. Bohari ya chanjo ya pale Wabera, mjini Isiolo, haikuwa imewahi kuona kitu cha namna hiyo. Miaka yote, hata baada ya kaunti kuja na ahadi zake, Gatakaa alikuwa ametunza chanjo kwenye friji kuukuu alizozijua tabia zake kama mama mkwe anavyomjua mke wa mwanawe, yaani kasoro moja baada ya nyingine.

Sasa alitakiwa aweke sahihi tu. Yeye ndiye mtunzaji wa bohari, na bila sahihi yake hakuna hata kichupa kimoja ambacho kingehamia chumba kipya.

"Siweki," alisema.

Bwana Kiarie, mkubwa wake, alivua miwani akaifuta kwa tai. "Gatakaa, wewe utaniua na presha. Fundi ametoka Nairobi, amepima, amesema iko sawa. Alhamisi mgeni wa heshima anakuja kukata utepe. Wewe unataka nini tena, harusi?"

"Amepima chumba kitupu, bwana. Tena mlango umefungwa."

Fundi huyo, Njogu, alikuwa amesimama hapo hapo na kompyuta yake kwapani. Kijana mtanashati, viatu vyake bado havijajua vumbi la Isiolo. Alikuwa ametundika vile vidude vyake vidogo vya kurekodi joto kila mahali: kwenye kona, juu, chini, mbele ya feni, kwenye rafu ya karibu na mlango. Kisha akafunga, akaenda zake kula nyama ya mbuzi. Aliporudi, kila kidude kilisema joto liko kati ya nyuzi mbili na nane, palepale chanjo inapotaka. Ramani ya joto ikatoka rangi ya kijani tupu, kama shamba la mtu mwenye maji.

"Mama, chumba ni chumba," Njogu alisema kwa upole wa kumtuliza mgonjwa. "Fizikia haibadiliki ukivuka Meru."

"Fizikia haibadiliki, lakini watu je? Wewe ulipima friji au ulipima sanduku la marehemu? Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka!"

Gatakaa alikuwa mtu wa mzaha. Tangu aache kuuza miraa barabarani akasomea kazi hii kwa vumbi na jasho, mzaha ndio uliokuwa mwavuli wake. Lakini kwa jambo hili hakuwa akicheza. Mwaka uliotangulia, mlango wa friji yake moja ulikuwa umelegea bila yeye kujua, chanjo ya surua ikapata joto. Nayo chanjo iliyoharibiwa na joto haichachi wala hainuki. Inakaa kwenye kichupa chake imetulia kama haikufanya kitu. Ilibidi Isnino, muuguzi wa kliniki huko upande wa Kinna, azunguke boma kwa boma kuwaambia akina mama kwamba ile sindano iliyomliza mtoto ilikuwa bure, walete mkono tena. Mama mmoja alimuuliza, "Na hii ya leo nitajuaje?" Isnino alilileta swali hilo hadi bohari, akaliweka mbele ya Gatakaa.

Kwa hiyo alimshikilia Njogu mpaka akakubali kurudia. Safari hii walijaza rafu kreti za chupa za maji, ili chumba kijione kina mzigo. Vidude vikatundikwa upya. Kisha Gatakaa akasema mlango utumike kama siku yoyote ya kugawa: watu waje, waingie, watoke, na asiambiwe mtu lolote.

Ramani ilipotoka, Njogu aliisogeza karibu na macho. Nyuma ya chumba kulikuwa kijani. Rafu ya karibu na mlango ilikuwa nyekundu kama pilipili.

"Huu mlango unakaa wazi hivi kwa nini?" aliuliza. "Mtu anachukua kreti anatoka. Ni dakika ngapi hizo?"

"Njoo uone," Gatakaa akasema, akamvuta pembeni. Isnino ndiyo kwanza alikuwa anafika na kasha lake la kubebea chanjo, na ndani ya chumba alikuwemo mpakiaji, mzee Lochoro, amevaa koti zito.

"Salaam aleikum!"

"Aleikum salaam, Isnino! Umeamkaje?"

"Salama. Nyumbani?"

"Salama. Watoto?"

"Wazima. Mbuzi wamepona?"

"Wamepona. Mvua kwenu?"

Lochoro alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, mgongo wake umeshikilia mlango wazi. Angeufungaje? Hakuna mtu Isiolo anayemfungia mlango mwenzake anayemuulizia hali ya mama yake. Na Isnino, aliyetoka juani, alikuwa amesogea palepale ule upepo wa baridi unapotoka, kichwa kimeinama, raha mustarehe. Akatokea mwingine nyuma yake, naye akasogea. Salamu zikaanza upya.

Njogu alijishika kiuno. "Aisee. Chumba kinavuja salamu."

Walimpelekea Kiarie ile ramani nyekundu. Kiarie alifikiri kidogo, akasema dawa yake ni rahisi: libandikwe tangazo, HAKUNA KUSALIMIANA HAPA.

Gatakaa alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana Kiarie, wewe ndiye utasimama hapo uwaambie? Nikuagie familia kabisa?"

"Basi unataka nini?"

"Kijengwe kibaraza mbele, kifungwe, kiwe na mlango wake. Watu wasalimiane humo mpaka wamalize. Halafu ndio huu mwingine ufunguliwe. Watu ndio hawa. Chumba ndicho kiwafuate."

"Alhamisi iko hapa! Weka sahihi, hicho kibaraza tutaona baadaye."

"Baadaye ya kaunti naijua. Siweki."

Kiarie akashusha sauti. "Kuna kazi ya kuhesabu vyandarua huko mbali, Merti. Nasikia wanatafuta mtu."

"Merti kuna watu pia," Gatakaa alisema. Lakini mtoto wake alikuwa anasoma Isiolo, na nyumba alikuwa ameipata kwa shida.

Alhamisi ikaja na hema, spika na viti vya plastiki. Mgeni wa heshima alikata utepe, akafungua mlango mwenyewe, na ule ubaridi ukampiga usoni. Akafurahi. Akageuka kizingitini kuwaonyesha watu, wazee wa mstari wa mbele wakainuka kumpa mkono, naye, mtoto wa hapa hapa, hakuwa wa kumpunja mtu salamu. Mzee mmoja, habari ya ng'ombe. Wa pili, habari ya kisima. Mpiga picha akawaomba wasogeane. Tarakimu za kipimajoto cha mlangoni zikaanza kupanda.

King'ora kikalia.

"Zima hiyo kitu!" Kiarie alimnong'oneza Gatakaa huku akitabasamu kwa kamera.

"Sizimi. Kinasema kweli."

"Gatakaa!"

Gatakaa akapita katikati ya wazee. "Mheshimiwa," akasema, sauti yake ikinaswa na kipaza sauti, "naomba utoke mlangoni."

Mheshimiwa alimtazama, akatazama miguu yake mwenyewe, akatoka. Gatakaa akausukuma mlango ukajifunga.

Mezani kulikuwa na cheti cha kile kipimo cha kwanza, na kalamu. Kiarie, shingo imevimba, akamsogezea. "Mbele ya watu wote hawa, utaniaibisha?"

"Siweki."

"Basi nitaweka mimi."

"Weka ya nini, mzee?" Ilikuwa sauti ya Njogu. Alinyoosha mkono, akakichukua cheti chenye jina lake chini, akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni. "Kipimo changu cha kwanza kilikuwa cha chumba kingine, ambacho hakina watu. Siwezi kukisimamia."

Gatakaa hakungoja kusikia zaidi. Isnino alikuwa amesimama kando ya hema na kasha lake, bodaboda inamsubiri. Wakaenda wote wawili nyuma, kwenye friji kuukuu. Gatakaa alisoma joto, akakagua mpira wa mlango kwa kidole, akaanza kupanga vichupa katikati ya barafu.

"Huyo mama akiniuliza tena?" Isnino alisema.

"Mwambie joto nimelisoma mwenyewe sasa hivi. Mwambie jina langu."

Kivuli cha Kiarie kikaanguka mlangoni. "Jumatatu," alianza, "Merti..."

"Ngoja kwanza, bwana," Gatakaa akasema bila kugeuka. "Nafunga kasha."

Na Kiarie akangoja.