Simu Upande wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule, pini tatu mdomoni, simu ilipotetemeka kifuani. Moyo wake ukasita, na marehemu mumewe akaingia bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ni mtoto?" akauliza.

Fundi akatema pini, akachomoa simu ndani ya sidiria. "Ni kampuni. Wanatangaza bando."

Marehemu akainuka, akaenda zake. Suruali yake ilikuwa na madoa ya rangi, ingawa mkewe alimzika akiwa safi. Enzi za uhai wake alikuwa mpaka rangi, na inaelekea huko nako kazi hakukosa.

Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilikuwa chini ya ngozi ya Fundi, karibu na bega la kushoto, jirani kabisa na simu. Siku alipowekewa, muuguzi alimwambia, "Mama, simu isikae kifuani tena. Iwe mbali, shubiri moja angalau, na ukiongea tumia sikio la kulia. Ina sumaku, itakivuruga kifaa." Fundi aliitikia kwa adabu. Lakini simu ikiwa mezani haisikiki, cherehani linanguruma, na upande wa kulia wa gauni ndiko anakochomeka pini.

Simu hiyo alimnunulia mwanawe wa pekee, mwaka aliohama, ili wawe karibu. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na shughuli zake, na asiyekuwepo na lake halipo.

Baada ya miezi kadhaa marehemu alianza kuchoka.

"Kila tangazo unaniita," alisema. "Ihamishe, Fundi. Iko siku tutaondoka sote."

"Kulia nachomeka pini."

"Si uchomeke kushoto."

Fundi akarudisha mguu kwenye pedali. Marehemu aliona wivu kidogo. Yeye, kwa uhai wake wote, hakuwahi kusubiriwa namna hiyo.

Alasiri moja ikawa kweli ni mtoto. Marehemu aliketi, kofia mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Simu unaiweka mbali na kifua, lakini?"

"Mbali sana."

"Afadhali. Mama, niko kazini hapa. Nitakupigia Jumapili tuongee vizuri."

Simu ikakatika. Siku nyingine marehemu angekuwa ameshaondoka. Leo alibaki kitini.

"Jumapili ipi?" akauliza.

"Hakusema."

Fundi alilia, si sana, kwa sababu sketi ilikuwa ya mtu. Kisha akaifuta simu kwa kipande cha kitambaa, akairudisha kushoto, akaishika kwa kiganja mpaka ikatulia mahali pake.

"Unanizibia mwanga," akamwambia mumewe.

Marehemu akasogeza kiti.