Mpaka Aseme Asante

Jumamosi hiyo mchana Chiriku alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, kalamu sikioni, amezungukwa na makopo ya jikoni aliyoyabandika vipande vya karatasi. Kompyuta hakuwa nayo. Kampuni ya bima iliyotangaza nafasi za vijana wa kufundishwa kuandika programu haikudai kompyuta. Ilidai mtu afike Jumatatu asubuhi, afanye mtihani wa kupima uwezo, na aonyeshe kwamba ameelewa mambo ya msingi: kisanduku cha kuhifadhia thamani, sharti, na kitanzi. Kijitabu cha mazoezi alikuwa amekiazima. Kilikwisha kupita mikono mingi, na kurasa zake zilinuka mafuta ya nywele.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa tangu utotoni kwa sababu hakuweza kufikiri kimya kimya. Kila kilichopita kichwani kilitokea mdomoni. Aliletwa kwa mama yake mdogo ili asome, akasoma, akamaliza, akabaki. Sasa mume wa mama mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza kufuli na kuchonga funguo, alikuwa ameshamwandalia kiti dukani kwake. Mtihani ukimshinda, angekaa pale auze kufuli. Fundi hakuwa mtu mbaya. Kiti alikiwekea hata mto. Ni huo mto uliomnyima Chiriku raha, kwa sababu mtu hawekewi mto mahali anapopita njia tu.

"Kisanduku," alisoma kwa sauti, "hubeba thamani moja. Ukiweka mpya, ya zamani hufutika."

Akachukua kopo la sukari, akaandika herufi moja juu ya karatasi yake, akamimina humo konzi ya maharage. Alipolifunua tena, kopo lilikuwa na maharage matupu.

Mama mdogo alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni akimenya viazi. "Sukari iko wapi?" akauliza.

"Imefutika."

"Yote?"

"Ya zamani huwa haibaki, Mama mdogo."

Mama mdogo akalivuta kopo, akalichungulia, akalirudisha mezani. "Siku nyingine fanyia mazoezi kwenye chumvi," akasema. "Chumvi ipo ya kumwaga."

Chai wakainywa bila sukari, na Chiriku akafungua ukurasa wa masharti. Aliandika: kama mvua inanyesha, basi nguo ziingie ndani, vinginevyo zibaki kambani. Manyunyu yalipoanza, shuka na mashati yalijianua, yakapita dirishani moja baada ya jingine, yakajilaza kwenye kochi. Yaliingia na ya jirani pia. Jirani, mama wa mapacha, alikuja kuyafuata akiwa na beseni kiunoni.

"Nani kaleta sketi yangu huku?"

"Ni kosa langu," Chiriku akasema. "Niliandika nguo. Sikutaja nguo za nani."

"Basi mwanangu, taja," jirani akasema, akazichambua zake, akachukua na foronya moja ambayo haikuwa yake, akaondoka.

Kilichobaki kilikuwa kitanzi, na hapo ndipo Chiriku alipokwama. Kijitabu kilisema mwanafunzi atafute katika mazingira yake jambo linalojirudia, aliandike hatua kwa hatua, kisha aliwekee sharti la kulikomesha. Akashika tama.

"Nataka kitu kinachojirudia," akasema. "Kitu ambacho hakibadiliki hata kidogo."

Mama mdogo hakuinua uso kutoka kwenye viazi. "Mwandike baba yako mdogo."

Chiriku akacheka, kisha akaandika. Rudia: ingia ndani, tundika koti, uliza chakula, kula, inuka, vaa koti, toka. "Halafu mpaka nini? Lazima kuwe na mpaka. Bila hivyo kitanzi hakiishi."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. Mama mdogo akatazama ukutani kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza.

"Weka, mpaka aseme asante."

Wakacheka wote wawili, na Chiriku akaweka.

Viazi vilikuwa vimeshaiva mlango ulipofunguliwa. Fundi alikuwa amefunga duka mapema kama kawaida ya Jumamosi. "Jamani wenyewe!" akasema, akatundika koti. "Chakula vipi, tayari?"

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, marahaba. Chakula?"

Mama mdogo akainuka, akapakua, akaleta. Fundi akala viazi na maharage kwa bidii ya mtu aliyefanya kazi. "Chumvi imepungua," akasema, akajifuta mdomo, akainuka, akavaa koti, akatoka. Mlango ukafungwa, ukafunguliwa.

"Jamani wenyewe! Chakula vipi, tayari?"

Chiriku akaitazama karatasi yake, akamtazama Fundi akitundika koti. "Kitanzi kimeshika," akasema.

"Naona," Mama mdogo akajibu. Alikuwa ameshasimama, sahani mkononi.

Fundi akala tena, akasema chumvi imepungua, akatoka, akaingia. Mama mdogo akapakua tena. Aliporudi jikoni mara nyingine, akikwangua sufuria, Chiriku alikuwa anapitisha kidole juu ya maandishi yake, mstari kwa mstari.

"Mama mdogo, wewe sikukuandika."

"Hukuniandika wapi?"

"Humu. Nimemwandika yeye peke yake. Hakuna mahali nilipoandika wewe uinuke."

Mama mdogo akasimama katikati ya chumba na sahani yake. Akaitazama miguu yake kama mtu aliyegundua amevaa viatu vya mwenzake. "Inainuka yenyewe," akasema. Kisha akaiweka sahani tupu mbele ya mume wake, akarudi kwenye kigoda, akakaa. Magoti yalitaka kunyanyuka. Akayakandamiza kwa mikono mpaka yakatulia.

Fundi akachota kijiko cha hewa, akatafuna, akameza. "Chumvi imepungua," akasema.

Saa za jioni jirani alirudi kuuliza mbona mlango unalia kama wa kituo cha polisi. Alikaa kwenye kochi akamtazama Fundi akiingia na kutoka.

"Hii ndiyo ile ya kompyuta?"

"Ndiyo," Chiriku akasema. "Mpaka aseme asante."

"Ha! Basi mmekwisha." Akaenda kwake, akarudi na mafuta ya cherehani, akapaka bawaba ili mapacha wake waweze kulala.

Chiriku alijaribu kusaidia. Alimpa Fundi glasi ya maji na kumsubiri, macho yamemtoka. Fundi alikunywa, akasema, "Haya." Alimpa kitambaa cha kufutia mikono. Fundi akasema, "Weka hapo." Mwishowe akamuuliza waziwazi.

"Baba mdogo, mtu akikupa kitu, huwa unasemaje?"

Fundi alifikiri. Hakuwa na hila hata chembe. Alikuwa anatafuta jibu kwa dhati. "Inategemea kanipa nini," akasema, akavaa koti.

Siku ya pili Mama mdogo aliamka kwa mazoea alfajiri, akakuta hakuna anayemhitaji. Mume wake alikuwa anakula sahani tupu na hakulalamikia kingine zaidi ya chumvi. Shati halikuhitaji pasi kwa sababu koti halikuvuliwa kwa muda wa kutosha. Mama mdogo akazunguka chumba, akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa, akakaa, akasimama. Halafu akavaa gauni lake la kijani.

"Natoka," akasema.

"Unakwenda wapi?" Chiriku aliuliza kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema neno hilo peke yake, bila sokoni wala kliniki nyuma yake.

"Kwa rafiki yangu niliyesoma naye. Alihamia ng'ambo ya mji. Kila mwaka namwambia nakuja." Akapishana na Fundi mlangoni, yeye akitoka, Fundi akiingia.

"Jamani wenyewe!" Fundi akamwambia mgongo wake.

Chiriku alishinda na kijitabu chake. Alisoma vizuri, kwa sababu nyumba ilikuwa na mdundo mmoja tu, na mtu huuzoea mdundo. Mama mdogo alirudi jua likielekea kuzama, nywele zimesukwa upya, sauti imekauka kwa kucheka. Alianza kusimulia kabla hata ya kukaa: jinsi rafiki yake alivyonenepa, jinsi walivyokumbuka siku waliyofukuzwa darasani kwa kuimba. Chiriku hakuwahi kujua kwamba mama yake mdogo aliwahi kuimba.

Kisha Fundi akaingia, na Mama mdogo akanyamaza. Soli za viatu zilikuwa zimelika zikabaki kama karatasi. Suruali ilishikiliwa na mkono mmoja, maana tumbo lililoizuia lilikuwa limepungua.

"Chakula vipi, tayari?" akauliza kwa uchangamfu uleule.

"Kesho ana duka," Mama mdogo akasema polepole. "Na anakwisha. Badilisha sharti."

"Lakini bado hajasema."

"Badilisha, mwanangu."

"Niweke mpaka achoke?"

"Huyu hachoki kukaa mezani. Weka sharti ambalo naweza kulitimiza mimi." Akafikiri. "Weka, mpaka nimpakulie."

Kalamu ya Chiriku ikagoma kushuka. Aliona wazi kwamba ukiandika hivyo, jambo zima linamrudia yuleyule. Alitaka kusema hivyo, na kwa kuwa alikuwa Chiriku, akasema.

"Kwani mimi silioni?" Mama mdogo akamjibu. "Andika."

"Basi la zamani silifuti. Naweka neno 'au'. Mpaka aseme asante, au Mama mdogo ampakulie. Likitimia mojawapo, kitanzi kinakoma."

"Weka na hilo. Halidhuru kitu."

Mama mdogo akaenda jikoni akiwa na gauni lake la kijani, akapika, akapakua. Fundi akala chakula cha kweli mpaka jasho likamtoka puani. Akaegemea kiti, hakuinuka. "Jumapili hii imekuwa ndefu," akasema. "Na viatu vya siku hizi, jamani, ni takataka." Halafu, baada ya kumaliza kijiko cha mwisho, "Chumvi leo umeipatia."

Chiriku na Mama mdogo walimsubiri aendelee. Akafungulia redio.

Jumatatu ukumbi wa kampuni ya bima ulijaa vijana waliovaa vizuri. Chiriku alikatazwa kusoma kwa sauti, kwa hiyo alisoma huku ameuma kitambaa. Kulikuwa na swali kuhusu kitanzi chenye masharti mawili yaliyounganishwa kwa neno "au", moja likiwa haliwezekani kutimia. Swali liliuliza: je, kitanzi hiki kitaisha? Wengi walijibu hapana. Chiriku alijibu kitaisha, na mahali pa kueleza sababu akaandika kwamba kwenye vitanzi vya namna hiyo huwa kuna mtu mmoja anayejua asipoinuka yeye hakuna atakayeinuka. Msahihishaji alimpa alama ya jibu, akakata nusu ya maelezo kwa kuwa yalikuwa nje ya mada.

Akapata nafasi. Fundi alifurahi kweli. Aliwaambia wateja wote kwamba kichwa hicho binti amekichukua kwake, ingawa hawakuwa na damu moja, na mto akamrudishia paka wa dukani. Chiriku akapanga chumba karibu na kazini. Kabla ya kuhama, Mama mdogo alimwita mezani, akasukuma makopo pembeni.

"Kile cha baba yako mdogo. Nifundishe kukiandika mwenyewe."

Hakikuwa kigumu. Mama mdogo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa Chiriku, na hatua zote alizijua kwa moyo. Tangu hapo, kila Jumamosi Fundi akifunga duka huingia ndani, akatundika koti, akauliza chakula, na kuendelea hivyo, huku mke wake akitwaa mkoba na kwenda kwa rafiki yake. Wanaimba huko. Jioni hurudi akapika, akapakua, na kitanzi kikakoma. Fundi alinunua viatu vya soli nene. Jirani aliomba kunakili karatasi hiyo kwa ajili ya mume wake, lakini kwake haikufanya kazi, kwa sababu huyo hakuwa na tabia ya kurudi nyumbani.

Mpango huo ulitegemea jambo moja, nalo halikuwahi kuyumba. Isipokuwa Jumamosi moja. Mama mdogo alikuwa ameshavaa, mkoba begani, mkono kwenye kitasa, Fundi alipoweka kijiko chini mbele ya sahani tupu, akamtazama mke wake usoni, akafungua kinywa.

"As..." akasema.

Mama mdogo akaganda. Rafiki yake alikuwa anamsubiri. Walikuwa wamekubaliana wimbo. Moyo ulimdunda, na hata alipokuja kumsimulia Chiriku baadaye hakuweza kusema ulikuwa unaomba neno hilo litoke au lisitoke.

"Asubuhi," Fundi akamalizia, akikwangua sahani, "nilisikia bomba la jikoni linavuja."

Mama mdogo alisubiri kidogo zaidi. Kisha akasema atalitazama akirudi, akampisha mlangoni, akaenda zake.