Nahodha na Mwali wa Ngola

Jumamosi ya kutoka ilikuwa inakaribia, na Bolumbu hakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Nyumba nzima ililijua hilo ila hakuna aliyelitaja, kwa sababu mwali wa uzazi haudhiwi. Kazi yake ni kula, kulala na kumnyonyesha mtoto wake wa kwanza. Hupakwa ngola, ule unga mwekundu wa mti, mpaka mwili mzima uwake kama tofali lililoiva, na mume hamkaribii. Tangu amzae Iyeli, Bolumbu alikuwa amerudi kwa mama yake pale Bikoro, akidekezwa na kufundishwa kulea. Siku ya kutoka ndiyo siku mwali anapojionyesha kwa mji mzima, kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa kituko ambacho hakijawahi kuonekana.

Tatizo lilikuwa Mboyo, mwali wa nyumba ya pili, mpinzani wake tangu wote wawili waanze kupakwa ngola. Mboyo alitangulia kutoka. Aliteremka kutoka juu ya mchikichi akiwa ndani ya ndege ya mianzi iliyofungwa kamba, anapunga leso kama mke wa waziri. Watu walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Tangu hapo wapambe wake hawakuacha kupita nje ya ua wakiimba kwamba Bolumbu atatoka kwa miguu kama anayekwenda kuchota maji, na kwamba mumewe humletea vichwa vya samaki, minofu anakula mwenyewe. Na nyimbo za namna hiyo huganda. Bolumbu akishindwa Jumamosi, ataitwa Vichwa vya Samaki mpaka apate wajukuu.

Mama Bosawa, mdogo wake mama yake na kiongozi wa nyimbo, alilaumu shule ya jioni. Mwali gani anabeba daftari badala ya kufikiria ngoma? Lakini Bolumbu alikuwa ameomba sana, na darasa lenyewe lilikuwa nyuma tu ya nyumba, kwa hiyo kila jioni alikwenda na kigoda chake mwenyewe, maana mwali hakai walipokaa wengine, tena ngola ingeharibu madawati. Iyeli alilala mapajani, ngumi ndogo imekamata bangili ya mama yake.

Wakati huo darasa lilikuwa likisoma riwaya ya zamani, iliyoandikwa na mzungu wa enzi zile walipogawana mito kama watu wanaogawana nyama. Walikuwa wamepanda mto na nahodha wake, sura baada ya sura. Meli ilikuwa na jina. Mbwa wa nahodha alikuwa na jina. Watu wa ukingoni walikuwa vivuli, mikono na macho tu, na wakifungua midomo zinatoka kelele. Besau, aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za Mbandaka, aliuliza kama wale waliokata kuni za meli walipewa chakula. Mwalimu Ilonga alitafuta, akasema kitabu hakikugusa habari hiyo. Akawaeleza jinsi mpira na pembe za ndovu zilivyoshuka na mto, na risasi zikapanda.

Jioni hiyo mwalimu alifika mahali ambapo nahodha anamwona mwanamke ukingoni, alfajiri. Yuko peke yake. Ni mwekundu toka utosini hadi nyayoni, ana shaba miguuni, anatembea taratibu kama mwenye nchi. Nahodha aliandika kwamba mwanamke huyo ameoga damu ya watu, kwamba yeye ndiye giza lenyewe la nchi hii, na kwamba meno yalimgongana kwa hofu.

Mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti nzito. Darasa likageuka, polepole, kumtazama Bolumbu. Alikuwa kwenye kigoda chake, mwekundu toka utosini hadi nyayoni, anampangusa Iyeli mate.

"Mwalimu," Besau akanong'ona, "tukimbie?"

Walicheka mpaka dawati moja likalala chali na waliokuwa juu yake. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Bolumbu naye alicheka, huku anamwambia mtoto kwamba mama yake anatisha, hata wazungu wanatetemeka.

"Endelea basi, Mwalimu," akasema. "Tuone giza lilifanya nini."

Mwalimu akaendelea. Nahodha aliamuru ukingo upigwe risasi. Vivuli vyote vikakimbia, mwanamke mwekundu hakukimbia. Moshi ukafunika, meli ikakata kona. Sura iliyofuata ilihusu homa ya nahodha.

"Na mtoto?" Bolumbu akauliza.

"Mtoto gani? Hapa hakuna mtoto."

"Mwali wa ngola asiye na mtoto umemwona wapi, Mwalimu? Alikuwa naye ndani, amelala. Ndiyo maana hakukimbia."

Mwalimu alirudi ukurasa mmoja nyuma, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Nahodha rangi aliiona," akasema mwishowe. "Shaba aliiona, hata mwendo aliuona. Kuuliza ndiko kulikomshinda."

Bolumbu alirudi nyumbani akamwambia Mama Bosawa kwamba anataka meli. Alipomweleza yote, mama yake mdogo alikataa katakata. Bunduki haziingii kwenye ua wa mzazi. Watu wanakuja kufurahi, yeye anataka kuwaliza?

"Watacheka, mama mdogo. Nahodha atakuwa Bokele."

Mama Bosawa akajaribu kununa, akashindwa. Bokele, mdogo wa mume wa Bolumbu, alikuwa mtu ambaye hata akibeba ndoo ya maji mtaa mzima unashika mbavu.

"Sawa," akasema. "Lakini wakilia, wimbo wa vichwa vya samaki nauanzisha mimi."

Jumamosi, Mama Bosawa alipokwisha kuwaimbia watu kisa cha nahodha wa kitabuni na mwanamke mwekundu, meli iliingia uani, mianzi na turubai, imebebwa na binamu, chungu cha majani mabichi kinafuka moshi juu yake. Bokele alikuwa amejipaka unga wa muhogo usoni, sufuria kichwani, chupa jichoni kama darubini. Aliamkia kuku. Aliamkia mti. Watu aliwapita bila kuwaona, akawakanyaga vidole, akalalamika kwamba nchi haina mtu. Watoto walijigaragaza. Mboyo alisimama mbele kabisa na wapambe wake, mikono kifuani, midomo ameibana isije ikamtoroka.

Ndipo Bolumbu akatoka, taratibu, anang'aa. Bokele alipomwona alijaribu kupanda chungu cha moshi, akaungua, akaanguka, akainua mchi begani kama bunduki. Ngoma ikapigwa pigo moja kubwa.

Walikuwa wamepanga kwamba Bolumbu akwepe, kisha acheze ngoma ya ushindi. Lakini pigo lilikuwa kali mno, na Iyeli, mikononi mwa bibi yake, akaangua kilio. Vikongwe waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na baada yao ua mzima. Bolumbu alihisi maziwa yanashuka. Hakukwepa. Alinyoosha mikono akapewa mtoto, akamnyonyesha palepale alipokuwa amesimama, uso wake kwa uso wa nahodha.

Bokele alibaki na mchi hewani, unga unamtiririka kwa jasho. Haya hayakuwa kwenye mpango. Akaushusha. Akavua sufuria.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti yake ya kila siku. "Unaitwa nani?"

Bolumbu akaimba. Alitaja jina lake, la mama yake, la bibi yake, na la aliyemzaa bibi yake. Majina yalipomwishia akaimba, na yule aliyesimama ukingoni, na mwanawe aliyekuwa ndani. Mama Bosawa alidaka wimbo, wanawake wote wakaitikia, na kikongwe mmoja akaongeza jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Bokele ndiye aliyeanza kucheza, vibaya kuliko wote, na kicheko kikarudi.

Mboyo alimfuata katikati ya vumbi.

"Umenishinda," akasema. "Lakini mimi ndege nilipanda mwenyewe. Wewe imebidi ukaazime mzungu."

"Nimemtumia tu. Nishamrudisha."

Mboyo alicheka, kisha akamsogelea.

"Yule mwanamke, lakini. Alipona?"

"Kitabu hakisemi."

"Sikuulizi kitabu."

Bolumbu alimwegemeza Iyeli begani, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua.

"Alipona," akasema. "Leo ametoka."

Mboyo akatikisa kichwa kukubali, akakaza kanga yake, akashika nafasi nyuma ya Bolumbu kwenye mstari wa ngoma.