Mwito wa Chumba cha Mama

Mama alipopoteza sauti kwa kiharusi, nilimwekea kitufe kando ya mto. Akikibonyeza, mwito ulisafiri katika mtandao wa nyumba na kulia kwenye vikengele vitatu: jikoni, sebuleni na katika chumba changu cha kazi. Kitufe hakikumtafuta mtu fulani. Kiliita wote, na aliye karibu aliitika. Aghalabu aliyeitika nilikuwa mimi, kwa kuwa tuliishi wawili tu, na dada wa kazi alikuja alasiri na kuondoka jioni.

Msimu wa kusahihisha mitihani ulipofika, niliamua kuupanga mtandao upya. Ninafundisha mitandao ya kompyuta chuoni, na vurugu sizivumilii. Niliugawa sehemu mbili: moja ya chumba cha mama na runinga yake, nyingine ya kompyuta zangu na vifaa vingine vyote, ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao, ikiwa katikati kama mlango. Nilijaribu printa, simu na runinga. Vyote vilifanya kazi. Nikauchora mpango kwenye karatasi, nikaubandika ukutani, nikaridhika.

Kengele sikuijaribu.

Siku zilizofuata zilikuwa tulivu ajabu. Nilimpelekea mama dawa saa mbili, chai saa nne, chakula saa saba, kila kitu kwa wakati wake. Kati ya saa hizo nilifunga mlango na kusahihisha. Siku ya nne, nikimlisha chakula cha mchana, nilimwambia kwa furaha, "Mama, siku hizi umetulia kweli! Hunisumbui hata kidogo. Asante, mama yangu."

Alinitazama. Kisha akageukia ukuta.

Nilidhani ni ugonjwa.

Siku ya tisa mdogo wangu alikuja kutujulia hali. Mama akaonyesha kwa kidole ubao wake mdogo wa kuandikia, akapewa, akaandika: Nipeleke kwako.

"Kwangu kuna kelele, Mama," mdogo wangu alisema, akijaribu kumchekesha. "Watoto wanne, kuku, na mke anayeimba ovyo. Hapa kwa Dada hata nzi wanapanga foleni."

Mama hakucheka. Aliyapigia mstari maneno yale ya ubaoni.

Ukumbini mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, umemfanya nini?"

"Nimemfanya nini? Dawa nampa kwa dakika!"

"Sijakuuliza habari za saa. Nimekuuliza habari za Mama."

Nilikasirika. Nilizikunja nguo za Mama moja baada ya nyingine, nikawaacha waondoke.

Jumatatu nilikuwa darasani. "Mwito wa wote," niliwaeleza wanafunzi, "hauvuki ruta. Ruta huupokea na kuutupa, isipokuwa umeiagiza iupitishe upande wa pili."

Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima ambaye wenzake humwita Wakili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo anayeita huku, kule hawasikii kabisa?"

"Hawasikii."

"Na mwenyewe anajua kuwa hawasikii?"

"Hajui. Anachopata ni kimya tu."

"Eh! Basi si atadhani wamemnunia!"

Darasa zima likacheka. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Niliwapa kurasa za kusoma, nikaondoka kabla ya kipindi kwisha, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka kumi na sita.

Nyumbani nilifungua kumbukumbu ya ruta, maana huandika kila inachokitupa. Siku ya kwanza ilitupa miito sita. Ya pili, kumi na mmoja. Ya tatu, ishirini na minne, mingi yake kabla ya chai, nilipokuwa hatua kumi na mbili kutoka kitandani pake. Siku ya nne, tisa, yote ya asubuhi. Baada ya saa saba, nilipomshukuru kwa utulivu wake, hapakuwa na mwito tena, siku hiyo wala zilizofuata. Hadi siku ya tisa, saa tatu na dakika kumi: mmoja. Niliikumbuka asubuhi ile. Saa nne nilimkuta ameloa, nikambadilishia shuka bila kusema neno, nikijiona mvumilivu.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili ya maagizo.

Jioni hiyo nilikaa kitandani kwa mama, nyumbani kwa mdogo wangu, nikamchorea ubaoni visanduku viwili na ruta katikati, nikamwonyesha mahali mwito wake ulipokomea. "Sikusikia, Mama. Naapa sikusikia. Nimeshatengeneza. Turudi nyumbani."

Alinifuta machozi kwa kidole gumba. Akavifuta na visanduku, taratibu, akaandika: Nimekuelewa, mwanangu.

Kisha akachukua kijiko, akagonga kikombe mara moja. Mlango ukafunguka: wajukuu wawili na mama yao, mikono yake ikiwa na povu la sabuni. "Umeita, Mama?"

Akaniangalia, akarudisha kijiko mahali pake.

Jana dada wa kazi alikuwa akitandua kitanda cha mama. Vikengele vyote vitatu vikalia kwa pamoja. Nilifika mlangoni mbio, kalamu nyekundu mkononi, ndipo nikakumbuka kuwa Mama yuko kwa mdogo wangu.

"Samahani, Mwalimu, nimekigusa kitufe bila kukusudia," alisema. "Kumbe kinalia vizuri. Nikitoe?"

"Kiache," nikasema.