Sanduku la Bundi

Tuulikki alipanda ngazi na bisibisi mfukoni. Majira matatu ya kuchipua masanduku aliyowatundikia bundi mitini yalikaa matupu, na leo amekuja kuyang'oa yote, basi.

"Bisha hodi kwanza," alisema Reijo, shemeji yake, aliyeshika ngazi chini.

Hodi ya bundi ni kukwaruza shina kwa kijiti, mwenyewe achungulie. Tuulikki akakwaruza. Kimya. Akafungua kifuniko, akatumbukiza mkono, akagusa manyoya ya baridi.

"Reijo! Umetia tena kofia yako humu?"

"Ile ilikuwa mwaka jana, shemeji! Leo ninayo kichwani, tazama!"

Akavuta. Panya wa msituni, amekufa, mnene. Nyuma yake mwingine. Akamulika tochi. Panya walikuwa wamepangwa ukutani kama kuni za akiba, na katikati yao bundi mdogo amejibana, macho ya njano hayapepesi. Alipojisogeza, mayai yakaonekana. Mengi, yamebanana.

"Kuna nini huko juu?"

"Yupo," alinong'ona. "Na chakula cha ukoo mzima. Panya wote hawa wametoka wapi?"

Reijo akatazama theluji aliyokuwa amesimama juu yake. "Humu chini. Na sisi tunateleza kwa ski juu yao tangu Krismasi, tukisema msitu umekufa."

Bundi alikuwa amejua walipo. Tuulikki akarudisha panya wa watu, akafunga kifuniko taratibu. Akashuka, akaikanyaga theluji kwa ncha za vidole, kama anayepita juu ya paa la nyumba iliyojaa watoto.